Niliogopa skrubu ya plastiki, Mjerumani wangu akachemka mlima wa Muze

Wakuu, salamu kutoka Sumbawanga, huku tunaandika tukiwa na makoti. Haya yamenikuta mwenyewe. Ningekuwa natunga ningejipamba, na humu sijajipamba hata kidogo.

Nina Mjerumani wa zamani, yaani gari la Kijerumani, sedan, manual, umri wake unakaribia wangu. Ufundi sijausomea. Nimejifunza kwa video za mtandaoni na kwa kuharibu.

Halafu nina wasiwasi wa kuzaliwa nao. Nikifunga nati, naifungua tena ili nihakikishe nimeifunga.

Shida ya gari ilikuwa kuchemka kwenye milima. Mara mbili lilituacha njiani mimi na mama, ya pili mbele ya kanisa, watu wanatoka misa, boneti inafuka mvuke.

Mama akasema, "Likituacha tena, unaliuza. Sibishani."

Wakuu, hili gari nalipenda. Likishika lami, limetulia hadi unatamani safari isiishe.

Nikabadilisha thermostat (kile kidhibiti joto cha injini), wota pampu na mfuniko wa rejeta. Kila hatua naandika kwenye daftari, naweka tiki.

Juzi tukaenda Muze, kule bondeni, kumwona shangazi. Kushuka, safi kabisa.

Kurudi, mlima ulipoanza tu, mshale wa joto nao ukaanza kupanda. Nikapunguza mwendo.

Karibu na juu tukakutana na upepo wa baridi wa nyanda za Ufipa. Mama akajifunika kitenge. "Washa hita basi, baba."

Nikawasha.

"Hii ni hita au friji? Inanipulizia baridi!"

Nikashtuka. Injini inachemka, hita ya baridi? Basi maji ya moto hayaifikii. Kuna hewa imenasa humo ndani.

Na nilijua imenasaje. Juu ya rejeta kuna skrubu ndogo ya plastiki ya kutolea hewa ukishajaza maji. Video zote zinasema ifunguliwe. Mimi niliogopa itavunjika, sikuigusa.

Ila kwenye daftari niliweka tiki. Nilijidanganya mwenyewe, kwa mwandiko mzuri.

Nikaegesha pembeni, pua ya gari inatazama juu. Nikamwambia mama yote, hadi habari ya tiki.

Akanitazama. "Kumbe gari ni zima. Mgonjwa ni wewe."

Tukasubiri lipoe kabisa (msifungue rejeta ya moto, mtaungua). Mfugaji mmoja akapita na ng'ombe wake. "Kaka, hawa wamepanda mlima huu huu na hawajatoa moshi!"

Mama alicheka mpaka machozi.

Nikachukua bisibisi. Nusu mzunguko. Haikuvunjika! Yakatoka mapovu, nikaongeza maji polepole mpaka yakatoka yenyewe bila povu, nikafunga.

Tukaondoka. Mshale ukatulia katikati. Hita ikatoa joto, na kabla hatujafika mjini mama alikuwa amesinzia. Mama huyu huyu ambaye humo ndani hukaa ameshika mlango, tayari kuruka!

Nyumbani nikajikaza kuuliza: "Sasa mama, niliuze?"

"Uliuze, halafu Jumamosi nitaendaje Msanzi? Uje saa mbili. Na ulioshe."

Nilichojifunza: hatua unayoiogopa ndiyo uanze nayo, na tiki iwekwe mkono ukiwa tayari una grisi.

Wenye Wajerumani wa zamani, njooni tuungame. Ni hatua gani mliiruka mkamsingizia fundi?