Mdomo wa Baba Ulielekea kwa Mama Nekesa

Nilipokuwa bado mtoto wa kutumwa chumvi, katika mstari wetu wa nyumba za kanjo, yaani za baraza la jiji, nyuma kidogo ya Soko la Burma, watu wazima walikuwa na njia yao ya kumjua mchawi. Hawakuhitaji mganga. Mtu akipooza upande na mdomo ukapinda, walitazama umepinda kuelekea wapi. Nyumba iliyo upande huo ndiyo iliyomtenda. Basi, kesi imeisha. Mdomo umeshasema, na mwenye mdomo hawezi tena kusema kitu kingine.

Msinicheke. Ninyi mna simu za kuwaambia mvua itanyesha na bado mnarudi nyumbani mmeloa.

Baba alikuwa mchongaji, Mkamba wa Wamunyu. Yeye na wenzake walikuwa na kibanda upande wa Pumwani, na kazi yake ilikuwa twiga. Wengine walichonga vifaru, wengine wanawake wenye mitungi kichwani. Yeye twiga tu. Alisema shingo ya twiga haina siri, ukiikosea inavunjika mbele ya macho yako. Alirudi jioni na unga wa mbao kwenye nyusi, nami ndiye niliyempangusa. Mkono wake wa kulia, ule wa kushikia tezo, ulikuwa mgumu kama kwato.

Mwaka huo alianza tabia moja. Angekuwa anakula au anatengeneza kiti, kisha anaacha, anaweka kiganja kifuani, anasubiri, kama mtu aliyesikia hodi na hana hakika ni mlango wake.

"Umeruka tena," angesema.

Mama alimwambia apunguze majani ya chai. Susu, ndivyo sisi Wakamba tunavyomwita nyanya, alisema ni vumbi la mbao limeingia moyoni. Susu alikuwa mama mzazi wa Baba. Alikuja Nairobi kutibiwa macho, akapona, akasahau kurudi.

Chumba chetu kilikuwa kimoja, na majirani wawili wa ukuta kwa ukuta. Upande mmoja alikaa Mzee Wambua, mzee wa kanisa, mtu wa kofia na maombi marefu. Upande wa pili alikaa Mama Nekesa, mjane kutoka Bungoma, mfagizi wa ofisi mjini. Mumewe alikuwa amefariki miaka kadhaa nyuma, na nyumba ilikuwa bado kwa jina la marehemu. Kila mtu alijua hivyo, na kila mtu alijua kwamba neno moja kwa karani wa kanjo lingetosha kumweka nje yeye na sufuria zake. Mimi nilimpenda kwa sababu alinipa ukoko wa ugali bila kuniuliza kama kwetu tumepika. Na alikuwa na kicheko cha kuamsha mtoto aliyelala nyumba ya tatu.

Alhamisi ilikuwa siku ya ushirika, nyumba hii leo, ile wiki ijayo. Ikafika zamu yetu. Tulisimama tukashikana mikono duara zima, tumebanana kati ya kitanda na meza, Mzee Wambua akaomba hadi chai ikapoa. Mama Nekesa alikuwa amesimama karibu na Baba. Amina ilipotajwa, wote tukaachana mikono. Yeye hakuachia. Vidole vyake vilikuwa vimeshuka mpaka kwenye kifundo cha mkono wa Baba, na alikuwa ameinamisha kichwa bado.

"Baba Nduku," akasema, Nduku ndiye mimi, "mshipa wako unatembea kama mlevi. Unapiga hatua, unasimama, halafu unakimbia kama umefukuzwa."

Baba akacheka. "Labda umenusa ile busaa ya kwenu."

"Si mzaha, shemeji. Wa marehemu wangu ulikuwa hivi hivi. Nenda hospitali wakusikilize moyo, usije ukaanguka kama yeye."

Watu waligeukia chai baridi kana kwamba ni moto. Ni Susu peke yake aliyesema, kwa Kikamba, lakini kwa sauti ya kutosha hata kwa asiyejua Kikamba: "Huyu anampima mwanangu jeneza."

Baba hakwenda. Alikuwa na twiga wa kumaliza, wale warefu wa kuwekwa chini sakafuni, na mnunuzi alikuwa anawasubiri. Alisema akishawamaliza ataenda. Mimi nimezeeka nikiwasikia wanaume wakisema sentensi hiyo, wanabadilisha tu jina la mnyama.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, jua limeshaingia mlangoni. Baba alikuwa anakunywa chai. Kikombe kikamtoka mkononi, chai ikamwagika mapajani, naye hata hakushtuka. Aliutazama mkono wake wa kulia kama mtu anayetazama mkono wa mgeni uliosahauliwa mezani kwake. Akataka kusema kitu. Kilichotoka kilikuwa uji wa maneno, na mdomo wote ukavutwa kwenda kushoto.

Walimpeleka hospitali. Aliporudi alikuwa na uhai, lakini mkono na mguu wa kulia vilikuwa vimelala, na maneno hayakurudi naye. Daktari alimweleza Mama mambo kwa Kiingereza, naye akaitikia kwa kichwa kama tulivyokuwa tukimwitikia daktari, yaani bila kuelewa.

Susu alisimama miguuni pa kitanda. Akautazama ule mdomo muda mrefu, macho yake yaliyotibiwa na serikali yakiwa wazi kabisa. Kisha akainua kidole, akaufuata mdomo hewani taratibu mpaka ukutani.

"Huko ni kwa nani?" akauliza. Utadhani alikuwa amefika jana.

Kabla jua halijazama mstari mzima ulikuwa unajua. Ndoo ya Mama Nekesa ilitolewa kwenye foleni ya bomba ikawekwa kando. Mimi nilikatazwa ukoko wake. Na lile onyo lake, ambalo lingempa heshima mahali penye akili, ndilo lililogeuka ushahidi. Amejuaje kama si yeye? Alimla wa kwake, wakasema, akaona mtamu, sasa wetu amemtangaza kabisa mbele ya watu wa kanisa.

Jumapili baada ya ibada walikuja chumbani kwetu. Mzee Wambua na mkewe, wanaume wawili wa mstari wetu, na Susu kwenye kigoda chake, amekiegemeza kwenye ukuta wa kina Wambua. Mama Nekesa akaitwa. Hawakumpa kiti. Mzee Wambua akasema kwa upole, ule upole wa mtu aliyekwisha kuamua, kwamba kwa ajili ya amani afadhali ahame mwenyewe. Asipohama, kesho yeye atamwona karani kuhusu nyumba ile yenye jina la marehemu.

Mama Nekesa alikuwa amesimama mlangoni, leso imefungwa kiunoni kama anayetaka kufagia.

"Nilimwambia aende hospitali," akasema. "Niambieni, mchawi gani anamtuma mtu wake hospitali?"

"Mdomo haudanganyi," Susu akajibu. "Mwangalie mwanangu. Hata sasa anakuonyesha."

Watu wote wakamwangalia Baba, na kweli, mdomo ulikuwa umeelekea kwenye ule ukuta, na mate kidogo pembeni. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya debe la makaa. Nilikuwa nikikitazama kile kitanda tangu Susu ainue kidole, na swali lilikuwa limenikaa kooni. Likatoka.

"Susu, na kitanda kikigeuzwa?"

Mke wa Mzee Wambua alinizaba kofi la kisogo. "Huyu naye ana mdomo!"

Nadhani lile kofi ndilo lililomwamsha Mama. Alikuwa kimya tangu Jumamosi ile. Alikuwa anamnywesha Baba uji kwa kijiko, tone kwa tone, kama hasikii yanayosemwa. Akaweka kikombe chini. Akawaambia wale wanaume wawili, "Shikeni huko. Tukigeuze."

"Cha nini, Mama Nduku?" Mzee Wambua akauliza.

"Ni kitanda changu."

Haikuwa kazi ndogo. Kilikuwa kitanda cha chuma na chumba kilikuwa kama kiberiti. Ilibidi meza itoke, debe langu litoke, Mzee Wambua mwenyewe atoke na kofia yake asimame uani kwenye tope, ndipo miguu ya kitanda ipite. Susu peke yake ndiye aliyekataa kutoka. Wakakizungusha na Baba juu yake, kichwa kikaja upande wa mlango, miguu ikaenda ukutani nyuma. Watu wakaingia tena.

Baba alikuwa ni yule yule na mdomo ule ule. Ila sasa ulikuwa umeelekea sawasawa kwa Susu pale kwenye kigoda, na nyuma ya Susu ukuta, na nyuma ya ukuta nyumba ya mzee wa kanisa.

Wakamtazama Susu. Wakautazama ukuta. Wakatazama sakafu. Mzee Wambua akakohoa. Susu akainuka nusu, akasogeza kigoda kidogo kuelekea kabati, akakaa tena kama aliyesumbuliwa na jua.

Ndipo tuliposikia sauti kitandani. Mwanzoni tulifikiri amepaliwa. Bega lake la kushoto lilikuwa linatikisika, nusu ya uso imelala kimya, nusu nyingine inacheka mpaka machozi. Baba alikuwa anamcheka mamake. Mama Nekesa akafuatia pale mlangoni, na kicheko chake kile kikaenda mstari mzima.

Mama hakucheka. Aliokota kikombe akaendelea na uji.

Watu walipokwisha kutoka, Baba aliinua mkono wake mzima, akamnyooshea Mama Nekesa. Akaja, akakaa ukingoni mwa kitanda, akaushika mshipa kama siku ile ya ushirika. Safari hii hakusema kitu. Lakini mimi nilikuwa nimesimama karibu, nikamwona akimeza mate.

Baba alikufa msimu wa baridi, alasiri moja, akiwa amelala. Twiga mmoja alibaki bila masikio. Shule yangu iliishia hapo, darasa la nne, nikaenda na Mama sokoni Burma kuosha matumbo kwa wauza nyama. Mama Nekesa hakuhamishwa. Alikaa pale mpaka mwanawe alipomjengea Bungoma, akaondoka mwenyewe kwa hiari yake, na kitanda chake juu ya lori. Kuna waliomkwepa hadi siku hiyo. Susu hakumwomba msamaha, lakini baada ya matanga alianza kunituma huko kuomba chumvi, na chumvi yetu ilikuwa imejaa mkebe. Kwa Susu huo ulikuwa msamaha mzima, na wa ziada.

Haya yote yangebaki huko yalikokuwa kama si mjukuu wangu, ninayekaa naye na mamake hapa mtaa wa Tena, kunivuta kliniki nikapimwe presha. Mashine ilinipima ikakataa kutoa jibu. Muuguzi akaacha mashine, akanishika mkono kwa vidole, akatazama saa yake, akaanza upya.

"Shosho, huwa unasikia moyo ukirukaruka?"

Nikapelekwa kwa daktari, kijana wa ndevu chache. Wakanibandika waya kifuani, ikatoka karatasi yenye mistari iliyoyumba kama mwandiko wangu wa darasa la nne. Akanieleza kwa Kiswahili, na alieleza vizuri, sina ubaya naye. Chumba cha juu cha moyo kinatetemeka badala ya kupiga. Damu inatuama humo, inaganda bonge, bonge linasafiri mpaka kichwani, linaziba, mtu anaanguka. Ndiyo maana atanipa dawa ya kuzuia damu isigande, na nisiiache eti kwa sababu najisikia vizuri.

"Na mdomo ukipinda," nikamuuliza, "unaonyesha nini?"

Alidhani ninaogopa. "Nusu moja ya uso inalegea, shosho. Kwa hiyo mdomo unavutwa na upande uliobaki mzima."

Nikanyamaza, jambo ambalo mjukuu wangu analisimulia mpaka leo kama ajabu ya mwaka.

Mama Nekesa hakujua lolote la mabonge ya damu. Alijua mkono mmoja tu, wa mumewe, aliolala ameushika mpaka ulipotulia. Siku aliposhika mwingine wenye mwendo ule, aliutambua. Angeweza kuuachia pamoja na wenzake kwenye amina, akanywa chai yake, akalala na nyumba yake salama. Mimi nimeishi miaka mingi kuliko aliyokuwa nayo yeye siku ile, na sijaona wengi ambao wangefanya alivyofanya.

Hapa Tena pia tuna ushirika, Alhamisi vile vile, ghorofa kwa ghorofa. Wiki iliyopita niliwekwa karibu na Baba Muthoni wa chini, fundi wa viatu, mtu mnene wa vichekesho. Tulishikana mikono. Vidole vyangu vikashuka. Alikuwa anaomba kwa sauti kubwa, na mshipa wake ulikuwa unachechemea, unasimama, unakimbia.

Nilimwambia pale pale, mbele ya mandazi. Akacheka, akasema ataenda akishamaliza viatu vya watoto wa shule. Mkewe hakucheka. Tangu siku hiyo tukikutana kwenye ngazi anavuta watoto wake upande wa ukuta.

Na avute. Jana nilishuka nikamwambia tena mumewe, na kesho nitashuka, magoti yakinikubalia. Wakija kukusanyika kunijadili, waje tu na Jumapili yao. Kitanda najua kukigeuza.