Picha Iliyozikwa Kwenye Maharagi

Mama mukwe wangu hakuwa mutu wa kukaa kimya, na siku mupadri wetu Muzungu alipomuomba akubali kupigwa filimu akilima shamba lake la maharagi kule Katoyi, muji muzima wa Goma ulijua kabla ya jua kuzama. Ilikuwa miaka ya hamsini, Wabelgiji wangali wanatawala. Mama alikwenda kulima na kitenge cha Pasaka! Nilicheka mpaka mbavu zikauma, naye akaniambia, "Cheka tu. Dada yangu ataniona."

Hapo ndipo penye shida yake. Dada yake mukubwa, aliyeolewa Rutshuru, alimuita muvivu tangu utoto wao, tena mbele ya watu, hata kwenye harusi yangu. Sasa filimu ingemufunga kinywa. Mama akainama, mukono wa kushoto mbele kama kawaida yake, akalima mustari muzima bila kupumzika.

Filimu ilipelekwa Ulaya kusafishwa, ikarudi. Tukangoja shuka litundikwe ukutani mwa kanisa. Wapi! Mupadri alikuja na jembe, akachimba katikati ya maharagi, akaweka filimu ndani, akafukia. Eti udongo wetu mweusi, uliotoka kwenye moto wa mulima, nao uchore: mvua na wadudu wataweka juu ya picha vitu ambavyo mashine ya picha haivioni. Alieleza vizuri kabisa, kwa Kiswahili chake cha misa, mikono ikiruka hewani.

Lakini kwetu udongo unapokea kondo la nyuma la mutoto aliyezaliwa, na unapokea maiti. Mama hakufikiria kondo.

"Amenizika," akasema, "na miye ninapumua!"

Kesho yake alitandika mukeka uani, akajifunga kitambaa kichwani, akaanza matanga yake mwenyewe. Halimi, hapiki. Majirani wakaja na unga na kuni, kama desturi; wengine walilia vizuri kuliko kwenye matanga ya kweli. Miye nikawapikia wote, na marehemu akaniambia chumvi haitoshi.

Mwishowe akamuita mupadri. "Mon père, weye ndiye uliyezika. Weye ndiye utaondoa matanga."

Maskini, alibadilika rangi mpaka masikio. Alijaribu kuomba tungoje mvua ziishe. "Ziishe nami niko chini?" Basi akaleta mutungi wa kasiksi, akakaa mukekani katikati ya wamama, akakunywa pombe ya ndizi kama mufiwa. Kisha tukaenda shambani sote, akafukua.

Jumapili ile dada alifika kutoka Rutshuru, akaketi mbele. Shuka likawaka mwanga. Tukaona madoa ya kijani, matundu meupe, mistari ikikimbia kama siafu. Mupadri alikuwa anacheka kwa furaha. Pale penye uso wa Mama, udongo ulikuwa umekula kila kitu.

"Ni nani huyo?" dada akauliza kwa sauti. "Miye sioni mutu."

Mama alinishika goti, na roho iliniuma kweli. Kitenge cha Pasaka, matanga, yote bure.

Halafu madoa yakapungua upande wa chini wa shuka, na mikono ikatokea. Mikono miwili na jembe, ikipanda, ikishuka, udongo ukiruka, mukono wa kushoto mbele.

Dada aliangalia mpaka jembe likafika mwisho wa mustari.

"Ni weye," akasema. Kisha, polepole: "Utotoni tulikuwa tunakulazimisha kulima kwa mukono wa kulia. Tulikuwa tunakupiga. Ndiyo maana ulibaki nyuma yetu."

Mama mukwe wangu akasogea karibu na dada yake mpaka mabega yakagusana, akajifuta macho kwa ncha ya kitenge.

"Mon père," akasema, "rudisha filimu nyuma. Anataka kuona tena."