Mama Alivyomsugua Yusufu kwa Mchanga

Wageni wakija kusali kwetu, huku rasini upande wa Kiriba, huniuliza kwa nini Yusufu Mtakatifu hana uso. Kanisa letu ni la zamani, la mawe, lilijengwa na wamisionari, na madirisha yake ni ya vioo vya rangi vilivyoletwa kutoka Ulaya. Watakatifu wote mle wana macho, pua na ndevu zao sawasawa. Yusufu peke yake ana joho, ana msumeno mkononi, na juu ya shingo ana kioo kitupu kinachopitisha jua. Huwa nawajibu bila kuona haya kwamba Mama yangu ndiye aliyemfuta. Wakicheka nawaacha wacheke kwanza, kisha nawasimulia.

Mama alizaliwa upande wa Butiama, kwa wafugaji, akabatizwa huko na kupokea komunyo ya kwanza akiwa msichana. Ndipo akaja kuolewa ziwani. Baba alipeleka ng'ombe, wazee wakala na kunywa, na kwa mila zetu mambo yakawa yamekwisha. Kanisani hayakuwa yamekwisha. Padre hakuitambua ndoa hiyo, na kwa hiyo tangu nipate akili sikuwahi kumwona Mama akipokea komunyo. Alifagia kanisa, alifua vitambaa vya altare, aliwapikia mapadre waliokuja na kuondoka, na sala zote ninazozijua nilifundishwa na yeye. Lakini komunyo yenyewe ilikuwa ya wengine. Kilichokosekana ni Baba tu kukubali kwenda naye mbele ya padre wakafunge ndoa.

Baba ni mvuvi. Sehemu kubwa ya maisha yake ameishi kwenye makambi ya wavuvi kisiwani Rukuba, na kwa ubishi hana mpinzani rasi nzima. "Ng'ombe nilishatoa," alikuwa akisema. "Sasa huyo padre anataka nini tena, sangara?" Akibanwa sana alimsingizia Yusufu. Aliyemchora alimpa macho makali ya kutazama pembeni, na popote ulipokaa ulihisi ni wewe unayetazamwa. "Yule mzee wa dirishani ananiangaliaga kama nimemwibia msumeno wake," Baba alisema. "Mtu hawezi kuoa anaangaliwa hivyo." Sisi watoto tulicheka mpaka mbavu zikatuuma. Mama hakucheka. Nilipokua na kuhamia Bunda na cherehani yangu, kila niliporudi nyumbani niligombana na Baba kwa ajili hiyo, majirani wakisikia, maana hasira zangu nilizirithi kwake. Haikusaidia kitu.

Halafu mwaka juzi alirudi kutoka Rukuba akiwa na homa kali, akalala siku nyingi, tukawa roho juu. Siku aliyoweza kula ugali tena alinawa mikono, akamwambia Mama, "Nenda kamwambie padre atuandike." Hakueleza zaidi, na Mama hakumuuliza, asije akabadili mawazo. Padre alikuwa anaandaa ndoa za pamoja za wazee wa parokia, zifungwe siku ya sikukuu ya kanisa. Mama alinipigia simu, nikamsikia analia na kupiga vigelegele kwa wakati mmoja, nikaelewa kabla hajasema. Kesho yake nilishuka Musoma kutafuta kitenge cha kumshonea.

Kila mwaka kabla ya sikukuu hiyo akina mama husafisha madirisha ya kanisa kwa kitambaa na maji. Safari hii mchwa walikuwa wameila fremu ya dirisha la Yusufu, fundi akakitoa kioo chote, akakiegemeza ukutani, akaenda kutafuta mbao. Mama akakikuta kimejaa moshi wa mishumaa na mabaki ya wale wadudu wa ziwani wanaokuja kwa mawingu. Hakuna aliyemtuma. Aliwaita wenzake, wakakibeba taratibu mpaka ufukweni, wakakilaza kwenye maji ya vifundoni. Sisi watu wa ziwa chombo kikichafuka tunaijua dawa yake: mchanga laini, jivu kidogo, na kipande cha wavu chakavu. Hata sufuria iliyounguzwa maharage hung'aa. Mama akasugua kwa moyo wote, maana lilikuwa ni kanisa la harusi yake.

Rangi ya joho haikutoka, kwa sababu imo ndani ya kioo chenyewe. Uso ulikuwa umechorwa juu yake kwa brashi, na kwa umri ulikuwa umeshalegea. Mwenzake mmoja alipouliza, "Mbona huyu baba hana macho?" hata ndevu zilikuwa zimeshakwenda na maji.

Nilipofika nyumbani na kitenge changu, nilimkuta Mama amekaa jikoni hapiki kitu. Nilijaribu kumpima akauondoa mkono wangu.

"Kamrudishie mwenye duka," alisema. "Mimi siendi."

"Mama, ni bahati mbaya. Kila mtu anajua."

"Nimemfuta mume wa Bikira Maria, halafu nikasimame palepale niombe kupewa mume? Mungu amenijibu, mwanangu. Mimi nimemwelewa."

Nilikasirika, na nilikuwa na wengi wa kuwakasirikia. Nilimkasirikia mzee mmoja wa baraza la parokia aliyetaka Mama aondolewe kwenye kikundi cha usafi, nikaingia kikaoni bila kualikwa nikamuuliza yeye mara ya mwisho kushika ufagio ilikuwa lini. Nilikwenda Kamunyonge, pale Musoma, kwa kijana anayechora picha kwenye kuta za saluni, nikamwomba anichoree uso wa Yusufu kwenye karatasi, tuone. Akanitolea mtu aliyenyolewa nywele za panki, anayetabasamu kama ameshinda kombe. Padre aliuangalia kwa heshima, akanirudishia. Alikuwa padre kijana na mpole. Alikuja mwenyewe nyumbani, akala sato na ugali, akamwambia Mama kwamba kioo ni kioo tu, na maji yakimwagika hayazoleki. Mama alimshukuru, akamwongezea mchuzi, na Jumapili hakwenda kanisani. Mwanamke ambaye hakuwahi kukosa misa hata akiwa na uchungu wa kuzaa!

Siku zilikuwa zinakwisha. Niliogopa kwa dhati, kwa sababu nilimjua Baba. Mtu aliyekubali mara moja baada ya miaka yote ile angeweza kushukuru kwamba amekataliwa, akapanda mtumbwi, na Mama angezeeka na kuzikwa bila komunyo. Nilisubiri nione Baba anafunga mzigo wa Rukuba.

Badala yake alivaa shati safi, akatoka bila kuaga. Jirani akaja mbio kutuambia kwamba Baba yuko kanisani peke yake, amesimama mbele ya Yusufu, ambaye fundi alikuwa ameshamrudisha mahali pake. Mama hakuinua kichwa, lakini aliacha kupepeta mchele.

Baba aliporudi alikaa kwenye kigoda mkabala na Mama, magoti yao yakikaribiana. Sikuwahi kuwaona wamekaa hivyo.

"Nimeenda kumwona," alisema. "Haniangalii tena."

Mama akaanza kupepeta tena.

"Miaka yote nilikuwaga namsingizia yule mzee. Sasa yeye hana macho, na mimi sina kisingizio. Wewe ukikataa, unafikiri watu watasema nini? Watasema mimi ndiye nilikutuma ukamfute ili nisioe. Tayari wanasema huko mwaloni tunakoshushia samaki!"

Kweli walikuwa wanasema. Watani wa Baba hawana dogo. Mama alijaribu kujizuia, akauma ukingo wa kanga, mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka ungo ukamponyoka na mchele ukamwagika wote, na Baba, mtu ambaye sikuwahi kumwona akiokota kitu jikoni, akainama akaanza kuzoa.

"Baba watoto," Mama alisema akifuta machozi, "ungeniambiaga mapema, ningemsugua zamani."

Jioni ile alisimama nikampima.

Walifunga ndoa siku ya sikukuu pamoja na wazee wengine, wanawake wamejipanga na vitenge vyao, wanaume wamebanwa na makoti ya kuazima. Kawia ufike, walisema watu, na walikuwa wamekawia kweli. Baba alijibu "Ndiyo" kwa sauti ya kuitia mtumbwi ulio mbali, kanisa zima likaangua kicheko. Maharusi walipokea komunyo wakiwa wamepiga magoti palepale mbele, padre akiwapitia mmoja mmoja, na mimi kwa machozi sikuona vizuri. Namshukuru Mungu kwa siku ile. Nashukuru hata kwa mchanga ule na kipande kile cha wavu, na sijali mtaalamu wa vioo akinisikia.

Lakini siku ninayoikumbuka zaidi ni Jumapili iliyofuata, ambayo haikuwa na shughuli yoyote. Sikuwa nimerudi Bunda bado. Tulikaa benchi moja, Mama mwanzoni kabisa kwenye njia, Baba pembeni yake, kisha mimi na wadogo zangu. Ulipofika wakati wa komunyo, benchi letu likasimama. Mama hakusimama. Aligeuza magoti yake upande, akakusanya kitenge chake kipya, akajibana ili tupate nafasi ya kupita. Alifanya hivyo huku macho yake yakiwa chini kwenye kitabu cha nyimbo, hana huzuni wala kinyongo, kwa mazoea tu ya maisha mazima ya kuwapisha wenzake.

Baba hakupita. Sisi nyuma yake tukasimama, na benchi la nyuma yetu nalo likangoja. Baba akainama, akamnong'oneza, na kunong'ona kwake husikika mpaka mlangoni.

"Mama watoto. Na wewe."

Mama aliinua uso, akatutazama wote tuliosimama tukimsubiri. Akaweka kitabu chini. Akasimama, akatangulia.