Mstari wa Upande wa Jua

Kwetu, kwenye vilima vya juu ya Bwera, magharibi mwa Uganda karibu na mpaka wa Kongo, mwenyekiti wa kijiji hachaguliwi kwa karatasi. Wagombea husimama mbele ya watu, na kila mpiga kura huenda kupanga mstari nyuma ya anayemtaka. Kisha msimamizi huhesabu vichwa. Wageni wakisikia hivyo hushangaa, nami huwaambia wasiharakishe kushangaa: ni njia rahisi kuielewa, na haimdai mtu ajue kusoma. Ugumu wake ni mmoja tu. Kila mtu anakuona.

Kwa kuwa mimi ni mwalimu, msimamizi aliniomba nirudie maelezo yake kwa Kiswahili baada ya yeye kuyatoa kwa Lhukonzo, lugha ya kwetu. Tunaishi na familia za polisi zilizotoka pande zote za nchi, na wafanyabiashara waliozoea kuvuka mpaka. Nilieleza mara tatu. Mtu akiuliza jambo lile lile mara ya tatu, maana yake anataka kulifanya vizuri.

Wagombea walikuwa wawili. Wa kwanza ni mwenyekiti mwenyewe, aliyekikalia kiti miaka mingi hata watoto wakadhani "Mwenyekiti" ndilo jina lake. Wa pili ni jirani yangu, mjane anayeuza chumvi ya Katwe sokoni. Hakuwa na tamaa ya ukubwa. Mumewe alipofariki, alihitaji barua ya mwenyekiti, yenye muhuri, kuthibitisha kwamba shamba la kahawa ni lake na wanawe. Mwenyekiti alimrudisha kila alipokwenda, kwa maneno yale yale: ukoo haukubali. Ukoo huo ulikuwa shemeji mmoja mwenye duka Kinyamaseke, na tayari alikuwa amemleta mnunuzi kulipima shamba kwa hatua.

"Muhuri umekataa kuja kwangu, mwalimu," jirani aliniambia. "Basi naufuata mimi."

Asubuhi ya uchaguzi, msimamizi alimweka mwenyekiti kando ya ukuta wa kanisa, penye kivuli, na mjane upande wa pili, juani. Hakukusudia ubaya. Firimbi ilipolia, watu wakaenda kivulini.

Kwa dakika kadhaa mjane alisimama peke yake, akifungua na kufunga kitenge chake kiunoni. Ndipo mke wa polisi mmoja akapaza sauti kutoka katikati ya uwanja.

"Nyinyi! Munachagua mtu ama munachagua kivuli?"

"Mama afande, jua itatupika!" mwanamume mmoja akamjibu.

"Pikwa! Nyama mbichi inasaidia nani?"

Watu wakacheka, na wanawake kadhaa wakatoka ukutani kumfuata kwenye jua. Wengine wakaja nyuma yao. Mimi nilibaki kivulini. Binti yangu alikuwa akiomba kitambulisho na barua yake ilikuwa bado mezani kwa mwenyekiti. Naliandika hili kwa sababu mstari haufichi kitu, nami sioni sababu ya kukificha hapa.

Kisha akaja mama mkwe wa mjane, taratibu, ameshikwa mkono na mke wa yule shemeji. Wawili hao wanaishi boma moja; shemeji mwenyewe siku hiyo alikuwa dukani kwake. Mke wa shemeji alibeba kiti cha plastiki. Akakiweka mwishoni mwa mstari wa juani, akamkalisha bibi, akasimama nyuma yake.

"Aliyekaa hahesabiwi!" mtu wa mwenyekiti akalalamika. "Huu ni mstari, si harusi!"

"Mutu ni mutu, akae ao asimame," akasema mfanyabiashara mmoja wa mpakani.

Msimamizi alinitazama. Nilimwambia kwamba sikusikia sheria yoyote juu ya viti. Bibi hakungoja tumalize. Alimpa mkazamwana wake huyo mikono yote miwili, akainuka, akasimama mpaka hesabu ilipomfikia na kumpita.

Mjane alishindwa, na pengo halikuwa dogo. Watu wa mwenyekiti walianza kuimba. Mjane akavuka uwanja hadi kwa mshindi, akampa mkono wa pongezi, wala hakuuachia upesi.

"Mwenyekiti, ulikuwa unangoja ukoo. Umeuona?"

Nyimbo zikapungua. Mwenyekiti alimtazama bibi, aliyekuwa bado amesimama, na mke wa shemeji pembeni yake.

"Njoo kesho, uwalete," akasema.

"Wako hapa."

Alitazama watu. Sidhani kama alikuwa mtu mbaya; alikuwa mtu aliyezoea kuulizwa mambo faraghani. Akaingiza mkono kwenye koti, akatoa muhuri. "Mwalimu, una kalamu?"

Niliandika barua nikiwa nimepiga magoti, karatasi ikiwa juu ya kile kiti. Bibi aliweka dole gumba, mke wa shemeji akatia sahihi, mwenyekiti akagonga.

Barua kama hiyo haimalizi kila kitu, na ni vizuri wajane wengine wajue hivyo. Shemeji angeweza kwenda mahakamani. Hakwenda. Mkewe alinieleza baadaye kwamba mumewe aliporudi kutoka Kinyamaseke alikuwa amekwisha kusikia habari zote njiani, akauliza jambo moja tu: ni kweli mama alisimama, mbele ya watu wote?

Mkewe akamjibu kwamba alisimama. Shemeji akanawa mikono, akala.