Panya wa Kizimba cha Buluu

Maabara nzima ilimwita Kiherehere, na wala hawakumwonea. Akibandika maji jikoni alifunua kifuniko kila mara, kana kwamba maji huchemka kwa kutazamwa. Lakini kwa kazi ya mikono hakuwa na mpinzani. Majani ya dawa aliyakausha kivulini mwenyewe, akayatwanga, akayaloweka kwenye spiriti na kuyachuja mpaka kikabaki kitu cheusi chenye kunata.

Majani yalitoka uani kwa mama yake. Mama alikuwa na magoti ya kuvimba, na kila akimeza vidonge vya hospitali alinung'unika kwamba bibi alijitibia majani hayo hayo mpaka anaingia kaburini. Kiherehere alitamani sana iwe kweli.

Ili kuyajaribu, panya wa maabara walichomwa sindano ya kuvimbisha unyayo, kisha wakapewa dawa kizimba kwa kizimba: hawa majani, hawa dawa ya hospitali, wale maji matupu. Kila kizimba kilikuwa na rangi yake, na siri ya rangi aliijua mkuu wa maabara peke yake, ili mpimaji asije akapima kwa mapenzi. Kazi ya Kiherehere ilikuwa kutumbukiza unyayo wa panya kwenye mrija wa kioo wenye maji na kusoma maji yamepanda kiasi gani.

Uvimbe wa panya wa buluu ukaanza kunywea. Loo! Hakukalika tena. Akinawa mikono, macho kwenye kizimba cha buluu. Akila, mguu mmoja mlangoni.

"Ndio wa majani hao," akamnong'oneza mwenzake.

"Wamekwambia wenyewe?"

Hakungoja siri ifunguliwe. Akampigia mama simu. "Mama, majani yako yanafanya kazi!"

"Si nilisema mimi! Basi hivi vidonge navitupa."

"Vitupe, mama!"

Tangu hapo kila jioni aliuliza hali ya magoti, na kila jioni akajibiwa, "Nafuu, mwanangu."

Siku ya siri kufunguliwa, mkuu akasoma bila haraka: buluu, dawa ya hospitali. Wa majani walikuwa wa njano, na walibaki wamevimba sawasawa na wale wa maji matupu.

"Tutarudia kwa kipimo kingine," mkuu akasema. Kiherehere alikwishavua koti, yuko nje.

Alimkuta mama kitandani mchana kweupe, miguu juu ya mto.

"Mama, nilikosea. Waliopona walikuwa wa vidonge. Majani hayakufanya kitu."

"Najua."

"Unajua?"

"Goti si langu? Tangu niache vidonge sijafika uani."

Kiherehere akaligusa goti. Lilikuwa la moto, limejaa.

"Sasa mbona kila siku unaniambia nafuu?"

Mama akajivuta kidogo, akamwachia nafasi kitandani.

"Ulikuwa unacheka kwenye simu, mwanangu. Nikasema nivumilie kidogo, pengine majani yatakuja kukusikia."