Fundi Vigae na Maneno Yaliyopotea

Mtaani walimwita Fundi Vigae, na aliyeshangaa kwamba fundi ni mwanamke alionyeshwa tu sakafu zake. Bafu alilolitengeneza yeye halikutuamisha hata tone la maji.

Siku ya ajali alikuwa amepiga magoti ghorofa ya chini, akinyoosha kamba ya kupangia vigae. Kofia ngumu alikuwa ameivua kidogo tu, ajifute jasho. Boksi la vigae likateleza kutoka juu, likamwangukia kichwani. Alizinduka hospitali siku ya tano, akamwomba mumewe "mlango". Alitaka maji.

"Ubongo umetikisika vibaya," daktari aliwaambia. "Atapata nafuu, lakini pole pole. Msimharakishe."

Nyumbani kulikuwa na mabinti wawili, mkubwa wa miaka kumi na mdogo wa miaka sita. Wiki za kwanza walitembea kwa ncha za vidole, mapazia yamefungwa, maana mwanga ulimchoma mama yao kichwani. Kisha siku moja akamwita paka "shemeji". Mdogo akaangua kicheko. Mkubwa akamfinya.

"Mwache acheke," mama akasema. "Ila nisubirini kwanza nilipate neno. Tutacheka wote."

Ikawa sheria ya nyumba: hakuna kummalizia mama sentensi mpaka ainue mkono kuomba msaada.

Mwezi wa nne alitoa vigae vilivyokuwa vimebaki stoo, akaanza sakafu ya jikoni. Mkono wa kulia ulitetemeka. Mstari wa kwanza ukapinda kama mkia wa mbwa. Akaketi palepale chini, akalia mbele ya wanawe bila kujificha. Alipomaliza kulia, akashika mwiko wake wa saruji, akaving'oa vigae vyote.

"Kigae kikikaa vibaya hakitukanwi," akamwambia mdogo aliyekuwa amechuchumaa kando yake. "Kinang'olewa kabla saruji haijakauka. Kisha unaanza upya."

Mdogo huyu alikuwa na tabia ya kuchana daftari kila hesabu ilipomshinda. Juma lile mama alimkuta mezani, ulimi nje, akifuta jibu kwa mara ya tano. "Hakitukanwi," alikuwa akijinong'oneza. "Hakitukanwi."

Aliyekuwa mgumu ni mkubwa. Kikao cha wazazi kilipokaribia, alizungukazunguka sebuleni, mwisho akauliza, "Mama, kwani baba hawezi kwenda?"

Swali lilimwingia kama mwiba. "Unaona aibu?"

Mtoto akainamisha kichwa.

"Aibu si dhambi, mwanangu. Hata mimi ninayo. Tutaenda nayo."

Wakaenda, mama akiyumba kidogo, mkono wake begani kwa binti. Mwalimu mkuu alipotaja vyoo vya shule, ambako maji yalituama na watoto wakateleza, Fundi Vigae alisimama. Hilo alilijua kuliko yeyote pale ndani. "Tatizo ni..." akaanza. Neno likamkimbia. Akafumba macho, akilifuata.

"Asubuhi yote hii, tayari kalewa," baba mmoja akasema nyuma, si kwa sauti ndogo.

Mkubwa akasimama. "Mama yangu hajalewa. Aliumia kichwa. Anatafuta neno, na mkimsubiri atalipata."

Akamtazama mama yake. Mkono wa mama haukuinuka. Basi naye hakusaidia, ingawa neno alilijua na lilimwasha ulimini. Ukumbi mzima ukasubiri.

"Mteremko!" mama akasema. "Sakafu yenu haina mteremko. Maji yatakwenda wapi, mbinguni?"

Watu wakacheka, naye akacheka nao.

Wakashika njia ya nyumbani. "Yule baba wa nyuma," mkubwa akasema, "alitoka akiangalia chini. Nimemwonea huruma. Alikuwa hajui."

"Sasa anajua," mama akajibu, akamkumbatia palepale barabarani.

Shule ilimpa kazi ile ya vyoo pamoja na msaidizi wa kubeba mizigo. Ilimchukua wiki tatu badala ya moja. Mashine ya kukatia vigae ilipopiga kelele alitoka nje, na adhuhuri kichwa kilipodai kitanda hakubishana nacho. Lakini kila asubuhi saa mbili alikuwa amepiga magoti, pima maji ya kukagua mteremko mkononi, akimfokea msaidizi wake kwa maneno ambayo hayakuhitaji kutafutwa hata kidogo.