Mbari ya Mama

Tasnifu yangu ya shahada ilihusu ukoo mmoja, mbari ya mji wa Siyu, nayo ni ya baba yangu. Nilipanga mababu tisa, kila mmoja na mwanawe, na msahihishaji akanisifu kwa ukamilifu. Hakuniuliza, wala sikujiuliza, mama yangu ametoka kwa nani.

Swali hilo lililetwa na mpangaji. Mwaka jana mwalimu wa lugha, mwanamke wa kabila la Wadimasa kutoka Assam, kaskazini-mashariki mwa India, alikodi chumba chetu cha juu hapa mtaani Wiyoni. Kiswahili alikuwa amekisoma darasani, akakisema kwa uangalifu mkubwa. Alasiri alizoea kukaa na mama yangu, akimsaidia kutunga asumini.

Siku moja alitueleza kwamba kwao kuna mbari za wanaume na mbari za wanawake. Mwana wa kiume huingia ya baba, wa kike ya mama. Mapambo ya mama, nguo zake, hata kitanda chake cha mfumi, cha kufumia nguo, humwendea binti.

"Na jirani zetu Wabodo," akaongeza, "nakshi za nguo zao zina majina. Rafiki yangu mmoja wao hunionyesha, akisema: hii ni mlima, nimefunzwa na mama, naye alifunzwa na mamake."

Mama aliweka sindano chini. "Haya ndiyo maneno, mwanangu," akamwambia. Kisha akanigeukia. "Na wewe, Bi msomi, mimi ni nani?"

"Mama yangu."

"Hilo hata paka wa ndiani analiyua. Nalizawa ni nani? Na huyo, alizawa ni nani?"

Nilimtaja bibi yangu aliyemzaa, nikakwama. Mpangaji akainamia maua yake kwa adabu. Niliona haya, na nyuma ya haya palikuwa na hofu. Tangu Ramadhani mama alikuwa akipoteza maneno. Siku nyingine aliniuliza mara tatu kama ameshasali. Sina dada, na mama naye hana dada. Akisahau yeye, binti yangu anayesoma Mombasa hatapata pa kuuliza.

Nikaleta daftari. Niliandika jina la bibi, nikafuatisha neno "binti". Mama akanishika mkono.

"Si binti. Ukiandika binti utarudi kwa mwanamume."

Nilikuwa nimeishi na jambo hilo miaka hamsini bila kuliona. Kwetu kila mwanamke ni binti fulani, na fulani huyo ni baba. Hata katika orodha ya marehemu tunayompa mwalimu wa madrasa asome siku ya khitma, bibi zetu wamesimama kila mmoja na babake. Hakuna aliyeshikana na mamake. Basi nikaandika alivyotaka: aliyezawa ni, yaani aliyezaliwa na.

Majina siyataji hapa, mama hakuruhusu. Lakini nilistaajabu jinsi yalivyomtoka, kila moja na mtu wake: msuka mikeka aliyechagua ukindu kwa kuunusa, mwingine aliyepiga pembe za vugo, ngoma ya wanawake, arusini mpaka bibi arusi akasahau kulia. Hakuna kitabu nilichosoma chuoni kilichowahifadhi watu kwa maneno machache hivyo.

Kwa wa tano jina halikuja. Akaanza upya, akasimama palepale. Akaanza tena.

"Nalimuyua huyu," akasema. Wa sita na wa saba aliwakumbuka bila taabu.

"Basi, mama, tumuunge wa nne na wa sita."

"Umruke? Angekuwa babu yako ungemruka?"

Nikaiacha nafasi ya wa tano wazi. Mama alifunga daftari, akaniamuru niyaseme majina kwa moyo. Nilikosea mara mbili, mpangaji akicheka nami. Niliposema sawasawa, mama akataka binti yangu apigiwe simu saa ile ile.

"Mfunze," akasema. "Ukifika kwa wa tano, badala ya jina mwambie: mama yake. Kisha nyamaza kidogo, ndipo uendelee."